Bailiff: hamali wa Kirumi, ndugu wa balozi

Ndugu aliyeko Birmingham anaandika kwenye kundi la familia kwamba bailiff amegonga mlango kwa sababu ya deni la kodi ya halmashauri. Jioni hiyohiyo runinga inaonyesha kesi ya Marekani, na humo bailiff ni yule mwenye sare anayesimama kando ya jaji na kuwaamuru watu wasimame. Ukisoma habari za kisiwa cha Jersey, Bailiff ndiye jaji mkuu wa kisiwa, tena ndiye anayeongoza vikao vya bunge lao. Uganda wapo ma-bailiff wenye leseni. Tanzania kazi ya kukamata mali za mdaiwa ina jina lingine kabisa, dalali wa mahakama.

Basi bailiff ni nani: askari, jaji au dalali? Magazeti yetu hutafsiri kila moja kwa zamu yake, na mara nyingine mtafsiri hulichanganya na bail, yaani dhamana ya mahakamani, kwa kuwa maneno hayo mawili ya Kiingereza yanaanza kwa herufi zilezile. Kosa hilo la mwisho, kama tutakavyoona, lina ukweli fulani ndani yake.

Tuanze na maana inayobeba zote. Bailiff ni mtu aliyekabidhiwa mamlaka ya mwingine ayatekeleze kwa niaba yake. Akikabidhiwa na mfalme, anatawala wilaya. Akikabidhiwa na mwenye shamba, anasimamia vibarua na mavuno. Akikabidhiwa na mahakama, anakuja kuandika orodha ya makochi yako. Aliyemtuma ndiye anayebadilika, na ukubwa wa cheo unabadilika naye.

Mzigo begani

Mzizi wa neno ni Kilatini, baiulus, na maana yake ya kwanza haina utukufu wowote: mchukuzi, mtu anayebeba mizigo kwa ujira. Bandarini tungemwita hamali au kuli. Kitenzi chake, baiulare, ni kubeba. Kutoka kubeba magunia neno lilisogea hadi kubeba barua, kisha kubeba kitu kisichoonekana, yaani jukumu. Msemaji wa Kiswahili haoni ugumu hapo, maana naye husema fulani amebebeshwa dhamana au ametwishwa kazi. Katika jumba la wafalme wa Constantinople, baioulos alikuwa mlezi wa mwana wa mfalme: mzigo wake ulikuwa mtoto wa kifalme.

Kilatini kilipozaa Kifaransa, mzizi huo ukatoa bailli, mwakilishi wa mfalme mkoani. Mfalme Philippe Auguste, alipokuwa akijiandaa kwenda vita vya msalaba mwaka 1190, aliacha maagizo kwamba mabailli wake wafanye baraza kila mwezi, wasikilize malalamiko ya watu na kusimamia haki za mfalme. Kusini mwa Ufaransa mtu wa cheo hichohicho aliitwa seneschal.

Kwa msomaji wa pwani, bailli huyu ni liwali. Anakaa mjini kwa jina la mtawala aliye mbali, anakusanya mapato yake na kuamua kesi. Na tatizo lake lilikuwa lilelile linalompata aliyetumwa na mfalme popote: akikaa sana, anaota mizizi, anakuwa mfalme mdogo. Ndiyo sababu amri ya Louis IX ya mwaka 1254 iliwakataza mabailli kupokea zawadi, kununua ardhi katika eneo wanalolitawala, na kuwaozesha watoto wao humohumo. Ukisoma katazo la namna hiyo ujue yaliyokatazwa yalikuwa yakifanyika.

Jersey na Guernsey ni mabaki ya zama hizo. Mwaka 1204 mfalme John wa Uingereza alipoteza Normandy ya bara, lakini visiwa vikabaki mikononi mwake, na cheo cha Bailiff kikabaki navyo katika ukubwa wake wa zamani. Kwa hiyo mwandishi wa habari anayemwita Bailiff wa Jersey "dalali wa mahakama" amemshusha jaji mkuu hadi kwenye kunadi magodoro.

Kutoka ikulu hadi shambani

Uingereza neno lilifika na Kifaransa cha watawala wa Normandy baada ya 1066, na huko likaanza kuteremka ngazi. Mkubwa wa wilaya alikwisha kuwapo kwa jina la kienyeji, sheriff. Bailiff akawa mtu wa chini yake, mwenye kusimamia kipande cha wilaya na kupeleka wito. Pembeni akawapo bailiff wa aina nyingine, msimamizi wa shamba la bwana: anagawa kazi, anahesabu nafaka, anatoa taarifa. Kwenye mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba ya karne ya 19 kazi hiyo iligawanywa kati ya msimamizi, nokoa na kadamu, na tabia zao zilifanana na za huyu: mkali kwa walio chini, mnyenyekevu kwa aliye juu, na daftari lenye mashaka.

Ushahidi mzuri wa maana hii umo katika Biblia ya Kiingereza ya karne ya 14 iliyotoka kwa John Wycliffe na wenzake. Katika Luka 16, tajiri anayemtaka mtumishi wake atoe hesabu ya mali iliyotapanywa, mtumishi huyo anaitwa kwa neno hili hili, baili. Biblia ya Kiswahili inamwita wakili. Tafsiri hizo mbili, mbali kwa karne na bahari, zimegusa kiini kimoja: mtu anayeshika mali isiyo yake na atakayeulizwa.

Malalamiko juu ya ma-bailiff ni ya kale kuliko wengi wanavyodhani. Magna Carta ya mwaka 1215 inawataja kwa jina. Bailiff wa mfalme asichukue nafaka wala mali ya mtu bila kulipa papo hapo. Bailiff asimshitaki mtu kwa neno lake tu bila mashahidi wa kuaminika. Na mfalme asimteue bailiff asiyeijua sheria ya nchi. Ukimsikiliza mtu aliyekamatiwa mali leo, Manzese au Manchester, manung'uniko yake ni hayo matatu.

Kadiri karne zilivyopita, kazi iliyobaki na jina hilo Uingereza ikawa hasa ya kufuata wadeni. Zamani aliyekamatwa hakuwa kochi bali mdeni mwenyewe. Bailiff alimgusa bega na hapo tayari ameshikwa, akawekwa kwenye nyumba maalumu alikolipia chakula na malazi kwa bei ya kukomoa mpaka deni lipatikane, la sivyo jela. Waingereza wakampachika jina la kejeli, bum-bailiff, lililounganisha cheo chake na neno la makalio, kwa kuwa alimfuata mtu nyuma akimkaribia mno. Wapo wanaodai kwamba bum ni neno bound, "aliyefungwa kwa dhamana", lililoharibika midomoni, lakini Wafaransa nao walikuwa na tusi lenye maana ya msukuma makalio, na hilo linatia nguvu maelezo ya kwanza. Kufungwa kwa deni kulifutwa Uingereza kwa sehemu kubwa na sheria ya mwaka 1869, na tangu hapo macho ya bailiff yakahamia kwenye vitu.

Ndugu asiyetarajiwa

Sasa tawi ambalo Mswahili analo mdomoni kila siku bila kujua.

Venice, dola ya wafanyabiashara, iliweka mtu wake Constantinople aliyeitwa bailo. Ni mzizi uleule wa baiulus. Bailo aliwatazama raia wa Venice waliokuwa wakifanya biashara huko, akaamua ugomvi wao, na akasema kwa niaba yao mbele ya mtawala. Waturuki wa Uthmaniya waliuteka mji huo mwaka 1453, na mwaka uliofuata bailo alikuwa amerudi kazini. Cheo kiliendelea hadi Venice yenyewe ilipoanguka mwaka 1797. Waturuki walimwita balyos, pia balyoz, na kwao neno likapanuka kuwa mwakilishi yeyote wa dola ya kigeni. Waarabu wa Iraki na Ghuba wakalichukua kama balyuz, wakimkusudia hasa mwakilishi wa Mwingereza.

Kutoka huko hadi Unguja ya Sayyid Said ni safari ya msimu mmoja wa upepo. Marekani iliweka mwakilishi wake Unguja mwaka 1837, Uingereza mwaka 1841, na watu wa mji wakawa na jina la kuwaitia: balozi.

Naam, balozi na bailiff ni ndugu wa damu. Mmoja alipitia Ufaransa na Uingereza akaishia kuhesabu mafriji ya wadeni, mwingine akapitia Venice, Istanbul na Ghuba akaishia kwenye gari lenye bendera. Tanzania ikamteremsha tena balozi hadi mtaani, ikampa nyumba kumi za kuangalia. Na dalali wa mahakama anapokwenda kukamata mali, mara nyingi hufuatana na kiongozi wa mtaa awe shahidi. Akiwa balozi wa nyumba kumi, basi kazi ya bailiff na jina la bailiff zimefika mlangoni pamoja, kila moja kwa njia yake.

Tawi la tatu ni lile la mtafsiri aliyechanganya. Kifaransa cha kale kilikuwa na kitenzi baillier, kukabidhi, kutoka kulekule kwenye kubeba. Hapo ndipo Kiingereza kilipopata bail: mtuhumiwa anakabidhiwa kwa mdhamini wake ambaye atamrudisha siku ya kesi. Hapo pia ndipo Lubumbashi na Bujumbura walipopata neno bailleur, mwenye nyumba anayekukabidhi chumba kwa kodi, na wale bailleurs wa fedha ambao sisi huwaita wafadhili. Kwa hiyo aliyedhani dhamana na bailiff vina uhusiano hakukosea ukoo. Alikosea kazi tu.

Kifaransa chenyewe, cha ajabu, hakikumwita mkamata mali kwa jina hili. Yeye ni huissier, kutoka huis, mlango: asili yake bawabu wa baraza. Congo na Burundi wamerithi jina hilo. Ufaransa imeliacha, kwani tangu tarehe 1 Julai 2022 mahuissier na wanadi wa mahakama wameunganishwa kuwa taaluma moja yenye jina jipya, commissaire de justice. Rwanda wanaye umuhesha w'inkiko. Kiingereza huwatafsiri wote "bailiff", na hapo mkanganyiko unaongezeka nje ya kosa la mtu yeyote.

Anayegonga mlango Uingereza leo

Kwa walioko huko, jambo la kwanza ni kwamba sheria yenyewe imeacha neno bailiff. Tangu Aprili 2014 jina rasmi Uingereza na Wales ni wakala wa utekelezaji. Watu wameendelea kusema bailiff, na kampuni zenyewe haziwakatazi, kwa kuwa neno linatisha zaidi.

Kabla hajafika lazima atume notisi inayokupa siku 7 kamili. Ni hapo ada inapoanza kutembea, na hapa ndipo wengi wanapoumia bila kuelewa. Kwa viwango vilivyowekwa 2014, barua hiyo peke yake iliongeza pauni 75 kwenye deni. Akitoka ofisini kuja kwako, pauni 235 nyingine. Ikifika hatua ya kuuza, 110. Mtu mwenye deni la pauni 200 anayejificha nyuma ya pazia anaweza kuliona likizidi 500 kabla kijiko hakijauzwa. Aliyepiga simu ndani ya zile siku 7 na kupanga malipo alibaki na ile 75.

Saa zake ni kati ya 12 asubuhi na 3 usiku. Huingia kwa mlango, bila kupitia dirishani na bila kumsukuma mtu. Kwa madeni ya kawaida, kama kodi ya halmashauri, hana ruhusa ya kuvunja mlango safari ya kwanza. Faini za mahakama ya jinai zina utaratibu mkali zaidi. Msingi wa katazo la kuvunja mlango ni hukumu ya mwaka 1604, iliyosema nyumba ya mtu ni ngome yake. Akikuta watoto wa chini ya miaka 16 peke yao, hapaswi kuingia. Zana za kazi hadi thamani ya pauni 1,350 haziguswi. Kosa la kawaida ni kumfungulia "azungumze tu sebuleni". Akishaingia kwa amani na kuandika orodha ya vitu ukasaini, vitu vinabaki kwako lakini viko chini ya mamlaka yake, na ukikiuka mpango wa malipo, safari ya pili anaweza kuingia kwa nguvu.

Yule wa Marekani hana habari na haya yote. Kazi yake ni utulivu ndani ya chumba cha mahakama. Kule anayekamata mali kwa kawaida ni sheriff au marshal.

Na huku kwetu

Dalali ni Kiarabu, dallal, kutoka mzizi wa kuonyesha na kuongoza. Dalili ni nduguye. Dalali wa asili ni mtu wa sokoni, anayezungusha kitu mbele ya wanunuzi na kuita bei. Kwa hiyo Kiingereza kilimpa mtu huyu jina kutokana na mwanzo wa kazi yake, kutumwa, na Kiswahili kikampa jina kutokana na mwisho wake, mnada. Hasara ya jina letu ni kwamba mwananchi humweka kapu moja na dalali wa vyumba na viwanja, anayeishi kwa kamisheni. Dalali wa mahakama Tanzania huteuliwa chini ya kanuni za mwaka 2017, kanuni hizohizo zinazowahusu wasambaza nyaraka za mahakama, na ada zake hazipangi mwenyewe.

Hukumu haitembei peke yake. Aliyeshinda kesi lazima arudi mahakamani kuomba kukaza hukumu, yaani itekelezwe, na mahakama ikikubali hutoa hati inayotaja deni, mhusika na kinachopaswa kufanywa. Hati hiyo ndiyo mzigo wa hamali. Swali la kwanza mlangoni liwe hilo: hati iko wapi, inatoka mahakama gani, ina namba gani ya kesi, inamtaja nani? Dalali aliye na hati ya kukamata gari hana habari na ng'ombe. Polisi akifuatana naye, kazi yake ni kuzuia fujo, hakamati mali yeye.

Sheria ya mwenendo wa madai ya Tanzania na ya Kenya zina nasaba moja, ile ya India ya mwaka 1908, ndiyo maana zinafanana sana. Kuingia nyumba ya kuishi baada ya jua kuzama na kabla halijachomoza hakuruhusiwi. Mlango wa nje hauvunjwi, isipokuwa nyumba inakaliwa na mdaiwa mwenyewe naye amekataa kufungua. Ikiwa chumba kina mwanamke ambaye kwa desturi hajitokezi hadharani, lazima apewe taarifa na nafasi ya kutoka.

Wala si kweli kwamba wanabeba kila kitu. Nguo za lazima, vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko ya familia havikamatwi, wala zana za fundi, wala vifaa vya kilimo na mbegu za mkulima. Cherehani ya fundi nguo ni zana. Cherehani ya pili iliyokaa stoo kama pambo, hapo kuna ubishi. Sheria ya Tanzania inakinga pia nyumba anayoishi mdaiwa na familia yake, lakini watu hulishika hilo vibaya. Nyumba uliyoiweka rehani benki kwa hiari yako inafuata njia ya sheria ya ardhi, na kinga hiyo haikusaidii.

Mali ya mtu mwingine ikichukuliwa kwa kukutwa kwako, mwenye mali ndiye anayekwenda mahakamani kuweka pingamizi, na awahi kabla ya mnada. Risiti ya friji yenye jina la dada yako ina thamani siku hiyo kuliko kelele za mtaa mzima.

Tanzania mnada hausubiri chini ya siku 15 kwa mali inayohamishika na siku 30 kwa isiyohamishika, tangu tangazo libandikwe mahakamani, ila mdaiwa mwenyewe akiridhia kwa maandishi au mali ikiwa ya kuoza upesi. Kenya, ambako kazi hii hufanywa na dalali mwenye leseni chini ya Sheria ya Madalali ya mwaka 1996, mdaiwa hupewa notisi ya siku 7 kukomboa vitu vyake kabla havijahamishwa, na siku 45 kwa ardhi au nyumba. Mnunuzi wa nyumba au kiwanja hulipa asilimia 25 papo hapo, na Tanzania anazo siku 15 za kumalizia. Asipomalizia, mali hunadiwa upya.

Maneno ya kijiweni kwamba dalali "hujiuzia mwenyewe" yana jibu fupi: mtu yeyote mwenye kazi katika mnada huo amekatazwa kutoa bei, awe peke yake au kwa mgongo wa mwingine. Hata aliyeshinda kesi haruhusiwi kununua bila kibali cha mahakama. Ikithibitika kwamba shemeji wa dalali alitumwa kununua, hiyo ni sababu ya kwenda kuomba mnada utenguliwe. Na mali ikiuzwa kwa zaidi ya deni na gharama, kinachobaki ni cha mdaiwa. Kifuatilie mahakamani kwa maandishi, ukiwa na nakala ya tangazo la mnada na orodha ya vilivyochukuliwa.